Nimelala Salama, Asante

Mgongo wangu uliharibiwa na godoro. Wengine huharibiwa na jembe, wengine na magunia ya viazi ya Mudende, na ninaye mjomba aliyeangukiwa na ng'ombe mzima. Hao wana haki ya kulalamika mbele za watu. Mimi niliangushwa na godoro la sponji, kitu ambacho mtoto wa shule angekibeba huku anaimba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Gisenyi. Tulikuwa tumerudi kutoka Masisi, upande wa Kongo, mimi na mume wangu, watoto na mamamkwe. Nilikuwa nimepata kazi ya kuchapa barua katika ofisi moja ya serikali, kazi yenye kiti na mashine, na viatu vyangu vilikuwa vinalia kokoko barabarani nikajiona mtu. Nyumbani hatukuwa na mengi. Godoro letu la zamani lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba mimi na mume wangu tulikutana shimoni hata siku tulizogombana. Nikaamua mtu wa ofisi halali shimoni.

Nilivuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi moja, nikanunua Goma godoro jipya lenye maua ya buluu. Nje ya duka alisimama mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Mama, leta mi nikubebee. Mutu ya bureau hawezi beba kitu."

Mtu mwenye akili angemkabidhi godoro na kumshukuru. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimelima Masisi, nimesomba maji Masisi, nimebeba watoto wanne kwenye vilima ambavyo huyo bwana hangevipanda hata bila mzigo. Nikaagiza nitwikwe godoro kichwani hapo hapo, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Sikugeuka hasa kwa sababu ukiwa na godoro kichwani hugeuki.

Mpakani nilipita vizuri. Shida ilianza kwenye barabara ya ufukweni, pale upepo wa ziwa unapopata nafasi. Upepo uliingia chini ya godoro, godoro likageuka, nami nikageuka nalo. Lilipotaka kurudi Goma, nilirudi nalo hatua kadhaa. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kazi yao wakasimama kutazama, na mmoja akapiga kelele, "Mama, achilia!" Sikuachilia. Niliona nikiachilia, yule wa chukudu atapata habari kwa njia yoyote ile. Godoro likavuta mara ya mwisho, kiuno kikabaki upande mmoja na mabega yakaenda upande mwingine, na kitu kikalia ndani yangu nikakaa chini barabarani na sketi yangu ya ofisi.

Wavuvi wawili walibeba godoro hadi kwetu, wa tatu akanishika mkono. Tuliingia mtaani hivyo, godoro mbele na mimi nyuma nikiwa nimekunjika, majirani wakitoka kutoa pole. Walimpa pole mume wangu kwanza.

Ningeyacheka hayo mapema zaidi kama si kitinda mimba wangu. Alikuwa bado hajaweza kukaa mwenyewe. Nilikuwa nimevuka arobaini na nilijua kabisa kwamba baada yake hakuna mwingine. Wanne wa kwanza niliwabeba mgongoni shambani, sokoni, kanisani, na mmoja wao nilimbeba siku tuliyokimbia, analia mgongoni na mimi ninamwomba anyamaze. Huyu wa tano ndiye niliyetaka kumbeba bila kukimbia. Nilikuwa nimenunua hadi kitambaa chake kipya cha kumbebea, ingobyi ya rangi ya machungwa. Na mtoto habebwi milele. Akishajua kukimbia, mgongo wa mama haumvutii tena.

Kwa hiyo ingobyi ya rangi ya machungwa ikafungwa kwenye mgongo wa mamamkwe. Huyu mama alikuwa na umri wote wa kuwa na mgongo mbovu, na mgongo wake ulikuwa mzima kama ubao. Aliteka maji na mtoto mgongoni, akachambua maharage na mtoto mgongoni, akaenda misa na mtoto mgongoni. Mtoto akiamka alinyoosha mikono kwake. Nilimshukuru kila siku kwa maneno mazuri, na moyoni nilikuwa ninamchukia kwa adabu.

Ushauri ulikuja bila kuombwa. Muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliniambia nilale pagumu. Wenzangu wa ofisini wakaniambia nilale pagumu. Jirani aliyewahi kuugua jino akaniambia yeye alipona kwa kulala pagumu. Mimi ni mbishi kwa mambo ya busara tu. Upuuzi huwa ninautii haraka. Nikatandika mkeka juu ya sementi, kando ya kitanda, na godoro la maua ya buluu likabaki kwa mume wangu. Alijitolea kulala chini pamoja nami kwa kunionea huruma. Nikamwambia asijidai. Hakusisitiza. Asubuhi alikuwa anaamka amenyooka, uso umejaa kama wa bwana harusi, ananiambia godoro lile kweli lilikuwa chaguo zuri.

Mimi sikuwa ninalala. Sementi ya Gisenyi ina baridi yake, hasa mvua ikinyesha, lakini sementi ilikuwa nusu tu ya kesi. Nusu ya pili sikumwambia mtu. Nilikuwa ninalala na nguo zangu, kitenge kimefungwa kiunoni, viatu miguuni, na mfuko wenye nguo za watoto ukiwa karibu na mlango. Waliotuvamia kule Masisi walikuja wakati watu wamelala. Na hapa pia, miaka ile, kuna siku milio ya risasi ilisikika kutoka vilimani, na asubuhi watu walisalimiana kwa sauti ya chini. Basi sikio langu moja lilibaki nje ya nyumba. Jani likianguka niliamka, nikaenda kusikiliza mlangoni, nikarudi kwenye mkeka. Sijui nilidhani ningefanya nini kama ningesikia kitu, mimi ambaye sikuweza kuinama kuokota kijiko.

Ofisini nilikuwa ninasinzia. Siku moja nilichapa mstari mzima wa herufi m katika barua ya mkubwa wangu, naye akaiita ajali ya mashine kwa sababu ni mtu mwema.

Mume wangu ndiye aliyesema niende kwa kine. Ndivyo tulivyomwita, kwa kukata neno la Kifaransa, yule kijana wa kituo cha afya anayewanyoosha watu viungo. Alikuwa amekulia na kusomea Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, kimepigwa pasi. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa akaniambia, "Shikamoo, mama." Nikamjibu, "Bonjour." Akatabasamu kwa uvumilivu.

Kisha akaendelea, bila kupumua, kama walivyomfundisha: habari za nyumbani, watoto hawajambo, baba hajambo, umelala salama?

"Nimelala salama, asante."

Ungemjibu nini? Kwetu mtu akikuuliza asubuhi kama umeamka, unasema umeamka vizuri. Hata kama nyumba imeungua unasema vizuri kwanza, halafu baada ya chai unataja moto. Tena huyu alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanangu. Mambo ya usiku wangu ni ya nyumbani kwangu. Sikuona yanamhusu vipi mtu aliyeajiriwa kushughulikia mgongo. Niliona hata ni utovu wa heshima kidogo, nikamsamehe kwa sababu ya ugeni.

Akanifundisha mazoezi. Kulala chali na kuinua kiuno, kuvuta goti kifuani, kupiga magoti na kunyoosha mkono mmoja na mguu mmoja, jambo ambalo watoto wangu walilipenda sana kulitazama. Niliyafanya yote bila kuruka siku. Mgongo haukusogea. Kijana akabadilisha mazoezi, akabadilisha mafuta, akaleta kitambaa cha maji ya moto. Nadhani alikuwa karibu kubadilisha kazi. Kila nilipofika alianza na zile salamu zake, na kila mara nilimhakikishia kwamba nimelala salama. Siku moja aliuliza moja kwa moja, "Na usingizi, mama, unaupata?" Nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu." Baada ya jibu hilo hakuna anayeweza kuuliza kitu.

Huku nyumbani mtoto akaanza kusimama kwa kushika benchi. Nilimwona akiachia mkono mmoja, akayumba, akacheka, na mimi nikaingiwa na hofu. Siku zangu za kumbeba zilikuwa zinaisha mbele ya macho yangu. Jumapili iliyofuata mamamkwe alipoenda misa ya kwanza peke yake, nikachukua ingobyi, nikainama, nikamrusha mtoto mgongoni kama zamani.

Mtoto alifika. Ni mimi ambaye sikurudi juu. Nilibaki nimeinama katikati ya sebule, mikono kwenye magoti, siwezi kusimama wala kukaa, na kitinda mimba wangu juu yangu amefurahi, ananipiga visigino mbavuni niendelee na safari. Mume wangu alikuwa ameenda kuonana na mtu. Wale wakubwa walikuwa uani wanacheza, na niliona aibu kuwaita. Misa za siku zile zilikuwa na nyimbo nyingi. Padre alihubiri, watu wakatoa sadaka, matangazo yakasomwa, na mimi nilikuwa ninatazama vidole vya miguu yangu.

Mamamkwe aliporudi alimtoa mtoto, akanishika chini ya makwapa, akanikalisha kwenye benchi taratibu. Halafu akafunga ingobyi mgongoni mwake, akaenda kuchochea moto. Angenigombeza ningeweza kumjibu. Nililia pale kwenye benchi, kilio cha mtoto mdogo, na sikulia kwa sababu ya mgongo.

Kesho yake nilikuwa na miadi kwa kine. Nikasalimiwa, nikalala salama, asante. Akanilaza kwenye kigodoro chake cha mazoezi karibu na dirisha, akainua miguu yangu juu ya kiti, akaweka kitambaa cha moto chini ya kiuno. Akasema anakwenda kumhudumia mgonjwa mwingine kidogo. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Nje watu walikuwa wanaongea, wanawake, mlinzi, mtu anasukuma toroli. Watu wengi walio macho, wanaosikiliza kila kitu kwa niaba yangu. Nakumbuka nikiwaza kwamba nifumbe macho kidogo tu.

Niliposikia sauti, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Nilikuwa nimesema nyumbani nitarudi kabla ya saa sita. Miaka ile kuchelewa hakukuwa jambo dogo, na mamamkwe alikuwa amekuja kwa miguu kunitafuta, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, bibi," kine alikuwa anasema mlangoni.

"Bonjour, mwana wangu. Natafuta mukazana wangu, muke ya mutoto wangu. Alikuya hapa ku asubui. Amekufa?"

"Hapana, bibi. Amelala."

Mamamkwe akachungulia ndani. "Amelala? Kabisa-kabisa?"

"Tangu asubuhi. Niliona nisimwamshe."

"Usimwamushe! Ni mara ya kwanza toka mwaka jana."

"Lakini bibi, kila anapokuja ananiambia amelala salama."

Mamamkwe alicheka hadi mtoto akashtuka. "Docteur, sasa unataka akujibu nini? Ata mi nikimuuliza ananiambiaka ni muzuri. Mi pia namujibu ni muzuri. Bon. Lakini chumba yangu iko pembeni, mi namusikia. Anageukageuka pale chini ku ciment kama mandazi mu mafuta. Anaamuka, anaenda kusikiliza ku mulango, anarudia, anaenda tena. Viatu iko ku miguu usiku muzima."

"Analala chini? Na viatu?"

"Na sac yake iko ku mulango. Mi namusikia, donc ata mi silalake."

Nililala kimya na macho yangu yamefumbwa. Muda wote nilikuwa ninajifanya nimelala wakati sikulala, na sasa nilikuwa ninajifanya bado nimelala wakati nimeamka. Nilikuwa nimeona aibu hadi masikioni. Miezi yote hiyo nilidhani ni siri yangu, na kumbe ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa mbao.

Kine alikuja akachuchumaa kando yangu. "Mama, najua umeamka." Kisha akanigombeza kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, na kugombezwa kwa lugha ya redioni kunauma zaidi. Akasema mchana yeye ananinyoosha na usiku mimi ninajikunja upya. Akasema mazoezi huanzisha kazi tu, mwili huimaliza mtu akilala. Na mtu asiyelala huumia zaidi kwa kidonda kile kile, kwa sababu mwili uliochoka husikia kila kitu kwa sauti kubwa. Nirudi kwenye godoro langu. Niweke mto katikati ya magoti. Nilale saa ile ile kila siku. Nivue viatu. Na safari za mlangoni niziache.

Nilikubali yote, kichwa chini, mpaka aliposema mlango. Neno likanitoka kabla sijalizuia.

"Na nani atasikiliza?"

Hilo kijana hawakumfundisha shuleni. Akatazama dirishani, na mimi nikaona ameelewa, nikajuta kumtwisha mzigo huo.

Mamamkwe alikuwa anamrekebisha mtoto mgongoni. Alisema bila kunitazama, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, "Mi ntasikiliza. We lala."

"Mama, hapana."

"Bazee hatulalake sana. Mi nasikiliza toka zamani. Tulikuwa tunasikiliza bawili, ni kuharibu kazi."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye godoro la maua ya buluu. Mume wangu alisogea ukutani kwa huzuni ya mtu anayenyang'anywa cheo. Siku za mwanzo nililala juu yake kama mgeni, miguu mitupu inaona haya. Mamamkwe alikuwa amehamishia kitanda chake sebuleni, karibu na mlango, na mara kwa mara alikohoa kidogo, kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote. Nikisikia kile kikohozi nilijua mlango una mtu wake. Usingizi ulianza kunijia, kwanza kidogo, halafu nikaanza kukoroma, na mume wangu akaanza kulisifia lile godoro kwa maneno machache zaidi.

Mgongo haukupona kwa siku moja. Kwanza niliweza kunawa uso bila kushika ukuta. Baadaye nikaokota kijiko. Nikilala vibaya, kesho yake ulinikumbusha kwa ukali, na nikatamani mazoezi yangu yote nimtupie kine. Nikilala vizuri tena, ulilegea. Nilipofika kwenye kituo cha afya na kijana akaniuliza kama nimelala salama, nilikuwa ninamjibu kwa urefu. Nilimweleza ndoto. Naamini kuna siku alitamani yale majibu yangu ya zamani.

Lakini mtoto hakunisubiri. Alitembea, halafu akakimbia, na kwenye uwanja wetu alikuwa na fimbo yake ya kufukuzia kuku na hakutaka kushikwa na mtu. Siku kine aliponiruhusu kubeba, nilirudi nyumbani kwa furaha iliyochanganyika na woga. Ilikuwa mchana, mume wangu yuko kazini na wale wakubwa shuleni. Mamamkwe alimkamata mtoto uani, mimi nikainama kidogo, akaniwekea mgongoni na kunifungia ingobyi mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyofunga mzigo wa kuni. Ile rangi ya machungwa ilikuwa imepauka yote.

Mtoto alipiga mateke. Alinivuta nywele, akadai fimbo yake, akamwita bibi yake amwokoe. Nikatembea tu, kutoka jikoni hadi kwenye ua na kurudi, ninaimba kile kidogo ninachokijua. Alikuwa mzito, mzito kuliko wote wanne. Halafu mateke yakapungua. Shavu likanigusa katikati ya mabega, pumzi ikawa ndefu, akalala. Nilisimama pale nimeshika ua kwa mkono mmoja, machozi yanadondoka, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mamamkwe alikuwa amekaa kizingitini. Nilipomgeukia nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Macho yalikuwa mekundu, kilemba kimekaa upande, na mikono aliyokuwa anachambulia maharage ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Mama, umelalaje?" nikamuuliza.

"Muzuri, asante," akajibu.

Nilikuwa fundi wa jibu hilo. Nililitambua mara moja. Nikamwondolea ungo, nikamshika mkono, nikamwingiza chumbani kwetu hadi kwenye godoro la maua ya buluu. Alisema hawezi kulala mchana kama mgonjwa. Alisema maharage hayajaisha. Alisema mlango.

"Mi ntasikiliza," nikamwambia. "We lala."

Alijilaza juu ya blanketi kwa ubavu, kama mtu atakayeamka sasa hivi. Ndipo nilipoona kwamba yuko na viatu, vimefungwa kamba barabara, na soli zake zimeisha upande mmoja. Nikapiga magoti kwenye sementi, polepole, mtoto mgongoni, nikaanza kufungua kamba. Nilipofika kwenye kiatu cha pili alikuwa ameshalala.